Fungate ya mwezi wa nane: Maldives, Mauritius, au kwanza mlale?

Swali: "Habari mshauri. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Dar es Salaam, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Nimepewa likizo ya siku kumi za kazi kuanzia Jumatatu inayofuata. Tumeweka akiba ya Sh milioni 10 kwa ajili ya fungate, na kamati imesema michango ikizidi itatuongezea milioni 3. Ndoto yake tangu zamani ni Maldives, zile nyumba za juu ya maji. Mimi naona Mauritius au Shelisheli, maana nasikia ni nafuu. Dada yangu anasema twende Uturuki au Paris, bahari tunayo hapahapa. Mchumba wangu ana selimundu. Hajalazwa kwa muda mrefu, lakini mama yake hataki kusikia habari za ndege, anasema hewa ya juu itamwamshia ugonjwa. Pasipoti yangu ipo, yake bado. Anataka kuomba baada ya ndoa ili itoke na jina langu. Na mimi sijui kuogelea. Twende wapi, na je, mama mkwe ana haki ya kuhofu?"

Kaka, hongera. Selimundu na pasipoti umezitaja mwishoni kama nyongeza, lakini ndizo zitakazoamua safari yenu kabla hatujafika kwenye nyumba za juu ya maji. Naanza na mama mkwe, kwa sababu naona ndiye hasa aliyekufanya uandike.

Mama ana haki ya kuhofu, ila anahofia sehemu ndogo ya jambo. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani haibaki kama ya Dar. Mgandamizo wake hushushwa mpaka mwili unajiona uko mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kama kukaa Njombe mjini, au juu kidogo ya hapo, kwa saa kadhaa. Mtu mwenye afya hagundui kitu. Kwa mwenye selimundu, oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu zenye hemoglobini ya aina ya S hukakamaa na kujipinda kama mundu, kisha hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Hata hivyo upungufu huo wa ndani ya ndege si mkubwa, na wagonjwa wengi ambao hali yao imetulia wanapanda ndege na kushuka salama. Shida huja mambo yakirundikana: hewa kavu, mtu kukataa maji ili asisumbue jirani kila akienda chooni, miguu iliyokunjwa saa sita, kiyoyozi kinachompuliza kichwani, na juu ya hayo yote uchovu na kukosa usingizi.

Sasa tazama wiki yenu. Ijumaa ndugu wa mikoani wanaingia na bibi harusi anasukwa mpaka usiku. Jumamosi alfajiri yuko saluni, mchana kuna ndoa, alasiri picha ufukweni juani, kisha ukumbini hadi saa sita usiku juu ya viatu virefu. Hajala kitu cha maana. Maji hanywi, kwa sababu gauni lile haliingii chooni bila wasaidizi wawili. Halafu Jumapili jioni unampeleka uwanja wa ndege. Mimi ningeiogopa Jumamosi hiyo kuliko ndege yenyewe, na ningemwambia mama hivyohivyo. Wazee wa pwani walilipanga jambo hili kwa akili: fungate ilikuwa siku saba ndani, chakula kinaletwa, bibi harusi anasingwa na somo wake, na mlango haugongwi ovyo. Hakuna aliyefikiria kuwapakia maharusi safarini na hina bado mbichi.

Kwa hiyo, popote mtakapochagua, msiondoke kabla ya Jumatano. Siku tatu za kulala, kula na kunywa maji zina faida kwake kuliko kiti cha daraja la juu.

Mimi napanga safari, si daktari. Kabla hujalipa hata shilingi, mchumba wako aende kwenye kliniki yake ya selimundu (kwa Dar, Muhimbili wana kliniki ya siku nyingi), nawe uende naye, na mama pia kama yuko tayari. Amueleze daktari saa za ndege, nchi na mwezi, si kuuliza tu "naweza kusafiri?". Daktari ataangalia kiwango cha damu, wengu, mara ya mwisho alipougua, na kama atahitaji oksijeni ndani ya ndege. Ikihitajika, shirika la ndege lina fomu yake ya kitabibu inayojazwa na daktari na kupelekwa kabla ya safari. Siku ya kuondoka, kaunta ya uwanjani haiwezi kuwasaidia kwa hilo. Kama yeye ni mbebaji tu wa kinasaba, hajawahi kuumwa, mazungumzo yatakuwa mafupi zaidi. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, hata ndani ya familia moja.

Ombeni pia barua ya Kiingereza yenye orodha ya dawa zake kwa majina ya kitabibu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya Ghuba. Njia nyingi za kutoka Dar kwenda Maldives zinapita Doha au Dubai, na dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, ambazo wagonjwa wa selimundu huandikiwa, ni dawa zinazodhibitiwa vikali Falme za Kiarabu. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake za duka la dawa, pamoja na barua. Asizimimine kwenye kichupa kisicho na jina.

Kuna na chanjo. Visiwa hivi vinadai cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na maofisa wengi hawakai kubishana nanyi iwapo Tanzania inahesabika au haihesabiki. Mkipitia Nairobi au Addis Ababa ndiyo kabisa. Kuweni na kadi ya njano. Huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Lakini chanjo hii ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, na baadhi ya wenye selimundu wanatumia haidroksiyurea, dawa inayoweza kupunguza kinga. Hilo ni swali la daktari, si la nesi wa dirisha la chanjo. Daktari akisema asichanjwe, ipo sehemu rasmi ya msamaha wa kitabibu kwenye kadi hiyohiyo. Mtaiandikia hoteli na shirika la ndege mapema kuuliza kama nchi mnayokwenda inaukubali. Kadi za kununua, ambazo mtu anapigiwa muhuri bila kuchomwa sindano, msiziguse.

Pasipoti. Naelewa raha ya kutoka na jina lako, lakini tarehe zinamkataa. Ili pasipoti itoke na jina la mume, Uhamiaji watataka cheti cha ndoa, na cheti cha ndoa hakipo mpaka mfunge ndoa. Mkifunga Jumamosi, Jumatatu ndiyo kwanza mnaanza kuhangaikia nakala, huku likizo inakwenda. Aombe sasa, kwa jina alilonalo, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA vikiwa mkononi. Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000 na inadumu miaka kumi. Akitaka kubadili jina mwakani atabadili, na hakuna sheria inayomlazimisha. Tiketi nayo iandikwe kama pasipoti inavyosema, herufi kwa herufi. Nimewaona maharusi wakikwama kaunta kwa sababu shemeji mmoja mwenye mapenzi mema alinunua tiketi ya "Bi." fulani kwa jina la mume, na pasipoti ikasema lingine. Cheti cha ndoa mnasafiri nacho, au nakala yake, kwa sababu nyingine kabisa: hoteli nyingi za visiwani zina zawadi za maharusi, chakula cha jioni ufukweni, chumba bora zaidi, kupunguziwa bei, na huomba kuona cheti kabla ya kuzitoa.

Sasa tuje kwenye mwezi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa na picha. Watu huambiwa mwezi wa nane ni msimu wa kusafiri, basi wakafikiri ni msimu mzuri kila mahali. Ni msimu wa likizo za Wazungu, ambao kwao ni kiangazi. Bahari ya Hindi ina kalenda yake, na sisi tunaijua: mwezi wa nane ni kusi. Kusi kwetu Dar na Unguja huleta ubaridi mtamu na anga kavu. Upepo huohuo ukivuka ikweta hugeuka kuelekea kulia, kwa sababu ya dunia kujizungusha, ukawa upepo wa kusini-magharibi unaokwenda India ukiwa umebeba unyevu wa bahari nzima. Maldives wako njiani. Ndiyo maana huko miezi ya tano hadi ya kumi ni msimu wa mvua na mawimbi, na ukavu wao huja kati ya Desemba na Aprili, wakati wetu wa kaskazi. Mvua ya mwezi wa nane Maldives hainyeshi kutwa nzima kila siku. Unaweza kupata asubuhi tatu za jua mfululizo. Unaweza pia kukaa siku mbili ndani ya nyumba ya juu ya maji ukitazama bahari ya kijivu uliyoilipia kwa dola.

Shelisheli wako nyuzi nne hadi tano tu kusini mwa ikweta. Hawapati mvua hiyo, wanapata upepo. Fukwe zinazotazama kusini-mashariki huchafuka kwa mwani na mawimbi, na kivuko cha kutoka kisiwa kikuu cha Mahé kwenda kisiwa cha Praslin, karibu saa moja baharini, mwezi wa nane huwatapisha hata waliozoea. Kwa mtu asiyejua kuogelea hiyo ni saa ndefu. Na hilo la unafuu, kaka, sijui nani kakwambia. Chakula kingi huagizwa kutoka nje, hoteli za kati ni chache, na wanaotoka salama kifedha ni wale wanaopanga nyumba yenye jiko na kununua samaki sokoni Victoria, mji wao mkuu. Kuzunguka kisiwa cha La Digue kwa baiskeli, na zile nazi kubwa za msitu wa Vallée de Mai, ni vitu vya kuona siku moja. Mwaka huu, mwezi huu, ningeviacha.

Mauritius wako mbali zaidi kusini, nyuzi 20, kwa hiyo mwezi wa nane kwao ni baridi hasa. Mchana ni nyuzijoto ishirini na kitu, usiku unataka sweta, na bahari iko kwenye 22 au 23. Mzungu anaingia akicheka. Kwa mchumba wako hilo si dogo, kwa sababu baridi ya ghafla, hasa kutoka majini ukapigwa na upepo ukiwa umelowa, ni moja ya vichocheo vinavyojulikana vya maumivu ya selimundu. Mabwawa ya hoteli yasiyopashwa moto nayo huwa baridi. Mkienda, kaeni pwani ya magharibi au kaskazini, Flic en Flac, Le Morne, Trou aux Biches, ambako milima na umbo la kisiwa huwakinga na upepo. Pwani ya mashariki ndiyo yenye picha nzuri mtandaoni na ndiyo inayopigwa na upepo wa msimu huo.

Lakini Mauritius ina mambo ambayo picha hazionyeshi. Mtanzania hahangaiki na viza. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa karibu chote, kwa hiyo sehemu nyingi maji ni ya kifuani na yametulia, unaweza kutembea ndani yake bila kujua kuogelea. Magari yanapita kushoto kama kwetu, mkikodi gari hamtapotea akili. Hospitali nzuri zinafikika kwa barabara, saa yoyote ya usiku. Na hamtalazimika kukaa majini: kuna soko la Port Louis, kuna Aapravasi Ghat walikoshukia vibarua wa Kihindi, kuna mlima wa Le Morne ambako watumwa waliotoroka, wengi wao wa kutoka bara letu na Madagaska, walijificha. Chakula chao hakitawapa shida, biriani wanaijua.

Maldives sasa, ndoto ya bibi harusi. Nianze na viza, kwa sababu huandikwa "bure, uwanjani" na watu wakadhani hakuna karatasi. Viza ya siku 30 hutolewa kweli mkifika, kwa karibu kila taifa, bila malipo, ila mtaulizwa tiketi ya kurudi na uthibitisho wa hoteli, na tamko la msafiri linajazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kufika. Baada ya hapo ni bei. Mtaletewa pakeji imeandikwa, tuseme, dola 250 kwa usiku, na pembeni ya hiyo bei pana alama mbili za kujumlisha. Alama hizo ndizo zinazoumiza. Ya kwanza ni huduma, asilimia 10. Ya pili ni kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, nayo inatozwa juu ya bei ikiwa tayari imeongezewa huduma. Usiku saba wa dola 250 ni 1,750. Ongeza huduma, 1,925. Ongeza kodi, 2,252. Halafu kuna kodi ya mazingira ya dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye hoteli zilizo peke yake kisiwani: kwenu wawili kwa siku saba ni 168. Mmefika dola 2,420 na bado hamjapanda boti wala kula chakula cha mchana.

Usafiri wa kisiwani ndio mtego wa pili. Visiwa vya mbali hufikiwa kwa ndege ndogo za kutua majini, ambazo kwa watu wawili huweza kula mamia ya dola, na haziruki usiku. Ndege yenu kubwa ikichelewa mkafika jioni, mnalala Malé, mji mkuu, kwa gharama yenu. Kwa mgonjwa wa selimundu nasema hivi bila kuzunguka: kisiwa kisichofikika usiku kwa boti ya kasi kutoka Malé, ambako ndiko kwenye hospitali kubwa, kifuteni kwenye orodha, hata kiwe na ofa gani.

Milioni 10 zenu, kwa viwango vya karibuni, ni dola 3,800 au juu kidogo. Toa tiketi mbili, ambazo kwa makadirio yangu zitameza zaidi ya theluthi. Nyumba ya juu ya maji kwa wiki nzima haitoshi humo. Zile milioni 3 za kamati usizihesabu. Umekaa kwenye kamati za wenzako, unajua ahadi ngapi hubaki kwenye daftari. Kinachowezekana ni kugawa: siku nne kwenye nyumba za wageni za kisiwa wanachoishi wenyeji, kama Maafushi, kisha siku mbili kwenye nyumba ya juu ya maji, ambako ndiko mtakapopiga picha zote. Visiwa vya wenyeji ni vya Waislamu, hakuna pombe, mavazi ya kuogelea ni kwenye ufukwe uliotengwa tu, na Ijumaa vivuko vya umma havifanyi kazi. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani kuliko Mzungu. Mkiangukia Ramadhani, migahawa ya visiwa hivyo hufungwa mchana. Hoteli zilizo peke yake kisiwani zinaendelea kama kawaida.

Wewe usiyejua kuogelea, omba jaketi la kuokolea siku ya kwanza na ulivae bila aibu. Zile nyumba zina ngazi inayoshuka moja kwa moja baharini. Ulizeni kina cha maji chini ya ngazi na kama kuna mkondo, kwa sababu kati ya kisiwa na kisiwa maji hukimbia sana.

Kwa dada yako nitasema machache. Ufaransa inataka viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kwa kila mmoja hairudishwi hata mkikataliwa, bima ya angalau euro 30,000, taarifa za benki, na majibu yanayoweza kuchukua siku 15 au hata 45. Mwenye viza hiyo lazima kwanza awe na pasipoti. Uturuki nako viza ni ya kuomba mapema, na Istanbul ya mwezi wa nane ni joto na umati. Kama mtu angeniuliza kuhusu Rwanda, ningesema ni ofa ambayo Watanzania hawaijui: kibali cha kuona gorila kwa raia wa Afrika Mashariki ni dola 200 wakati mgeni wa mbali hulipa 1,500. Kwenu siipendekezi, maana kupanda milima ile kwa saa kadhaa ndiyo hasa hewa ya juu ambayo mama anaiogopa, bila kiti cha kukalia.

Dada yako lakini amegusa kweli moja bila kujua. Mwezi wa nane, katika bahari hii yote, pwani yetu ndiyo iliyo katika hali nzuri, na ndiyo maana Unguja hujaa wageni wakati huo.

Kama ningekuwa mimi, ningeigawa fungate. Mwezi wa nane mlale nyumbani siku tatu, kisha mwende Unguja siku nne au tano, kwa boti au ndege fupi ya dakika ishirini, hospitali iko karibu, na bajeti haiguswi sana. Maldives iende mwezi wa tatu au mwanzoni mwa wa nne, bahari yao ikiwa kavu na maji ya vuguvugu, pasipoti ikiwa mkononi, chanjo imeshaamuliwa, na kamati imeshafunga hesabu. Bei za msimu huo ni za juu kuliko za mwezi wa nane, hilo sikufichi, lakini mtakuwa na miezi saba ya kuongeza akiba, na sherehe haitakuwa imewakausha. Zawadi za maharusi hoteli nyingi huzitoa hata kama cheti kina miezi kadhaa. Ulizeni kila hoteli ina ukomo gani kabla ya kulipa. Likizo nayo sheria ya kazi inakupa siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo zungumza na ofisi uzigawe mara mbili badala ya kuzimaliza zote sasa.

Ninyi mkisema hapana, ni mwezi wa nane na ni nje ya nchi, basi hapo mchumba wako ana hoja kuliko wewe. Daktari akiridhia, ningechagua Maldives, kisiwa cha karibu na Malé, kuliko Mauritius, kwa sababu bahari yao hubaki na joto la nyuzi 28 hivi hata mvua ikinyesha, na kwa damu yake joto hilo lina maana kuliko anga la bluu. Safari yake ni ndefu zaidi, ndiyo, kwa hiyo mgawanye: saa chache za kupumzika Doha au Dubai, aamke atembee kila saa, soksi na shuka la kujifunika dhidi ya kiyoyozi, chupa ya maji isikauke. Mauritius ibaki chaguo lenu kama daktari atasema hataki mkae mbali na hospitali kubwa kwa zaidi ya safari fupi ya gari.

Bima ya safari mkate mkiwa mmeutaja ugonjwa kwa jina. Bima nyingi za bei rahisi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, na mtu akinyamaza kwenye fomu, bili ya hospitali ya kisiwani inabaki mikononi mwake. Pakeji ya wakala isome mkiwa wawili mezani, na kabla ya kulipa muandikie hoteli yenyewe barua pepe kuuliza kama nafasi yenu ipo kwa majina yenu.

Na mkiwa huko, mambo haya hayasubiri asubuhi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, maumivu ya mwili yasiyotulia kwa dawa alizoandikiwa, kichwa kikali chenye ganzi au ulegevu upande mmoja. Piga mapokezi, taja neno selimundu kwanza, omba boti au gari, na beba ile barua ya daktari. Akipata homa baada ya kurudi Dar, msitosheke na kipimo cha malaria kikiwa hasi: mwambieni daktari mlikokuwa, kwa sababu visiwa hivi vya nje havina malaria lakini vina mbu wa homa ya dengi.